Wawili Katika Uwanja Mmoja: Habari za Rexy Mainaky



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya michezo, na bila shaka wengi wenu mlitazamia habari za kandanda. Leo twaomba radhi ya wapenzi wa kandanda, kwani twataka kuzungumza juu ya badminton, mchezo ambao vijana wa vyama vyetu vya msingi huucheza ghalani msimu wa mazao ukiisha. Huchezwa ndani kwa sababu nje upepo hukichukua kinyoya upendavyo. Chombo chenyewe ni manyoya 16 yaliyochomekwa katika kizibo, na uzito wake hautimii gramu 6.

Mtu tuliyemchagua ni Rexy Mainaky, aliyezaliwa mwaka 1968 katika kisiwa cha Ternate, nchini Indonesia. Wakulima wa karafuu na walishike jina hilo. Ternate ni kimoja katika visiwa vya Maluku, ambako ndiko asili ya mkarafuu. Katika karne ya 17 kampuni ya Waholanzi iliikata mikarafuu mingi ya huko ili biashara yote ibaki mkononi mwake. Lakini mbegu zilitoroshwa, na katika karne ya 19 mti huo ukastawi Unguja na Pemba. Tutairudia habari hii baadaye.

Rexy alicheza mchezo wa wawili pamoja na Ricky Subagja. Uwanja mzima ni mita 13.40 kwa 6.10, nao wana kazi ya kuilinda nusu yake yote. Wakishambulia, mmoja husimama mbele karibu na wavu, na mwenziwe nyuma. Wakishambuliwa husimama sambamba, kila mmoja na upande wake. Mabadiliko hayo hufanyika kufumba na kufumbua, wala hapana wasaa wa kuulizana. Aliye mbele hana macho kisogoni. Hana budi kujua tu kwamba mwenziwe yupo mahali pake.

Mwaka 1995 walikuwa mabingwa wa dunia huko Lausanne. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Atlanta, walikutana fainali na Cheah Soon Kit na Yap Kim Hock wa Malaysia. Seti ya kwanza walipigwa 15 kwa 5, kipigo cha aibu hasa. Wengine wangeanza kulaumiana. Hao walipata ya pili 15 kwa 13 na ya tatu 15 kwa 12, wakavikwa dhahabu.

Alipoacha kucheza Rexy akawa mwalimu, na kwetu sisi sehemu hii ya maisha yake ndiyo nzito zaidi. Kwanza alifundisha Uingereza, na katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004 Nathan Robertson na Gail Emms wa nchi hiyo wakapata medali ya fedha. Mwaka 2005 akaajiriwa na Malaysia, nchi ile ile aliyoinyima dhahabu kule Atlanta! Huko vijana wawili, Koo Kien Keat na Tan Boon Heong, waliunganishwa wakacheza pamoja. Desemba 2006, Tan akiwa na umri wa miaka 19, wakashinda Michezo ya Asia mjini Doha, na walioshindwa katika fainali walikuwa Waindonesia. Miezi michache baadaye wakatwaa ubingwa wa All England, taji ambalo Malaysia haikulipata katika mchezo wa wawili wa wanaume tangu 1982.

Tulipoisimulia habari hii katika mkutano mmoja wa wanachama, mzee mmoja alisimama akauliza: huyu si msaliti, aliyewapa majirani silaha ya kuwapigia ndugu zake? Swali hilo ni la haki, na halituhusu kwa michezo tu. Wapo kati yetu wakulima hodari wa kukausha na kuchambua mazao ambao wangali wanauficha ujuzi wao hata kwa wanachama wa chama chao wenyewe, wakihofia kwamba jirani akipata daraja la kwanza, la kwao litashuka.

Jibu letu kwa mzee huyo lilikuwa hili. Waholanzi walikata miti ili ujuzi na mali visitoke, na vikatoka. Rexy alifundisha waziwazi, na nchi yake haikupungukiwa: mwaka 2008 huko Beijing dhahabu ya wawili wa wanaume ilikwenda kwa Markis Kido na Hendra Setiawan, Waindonesia. Tena baadaye nchi hiyo hiyo ilimwita nyumbani asimamie mafunzo ya timu yake ya taifa. Alikuwa katika kazi hiyo Agosti 2016, Tontowi Ahmad na Liliyana Natsir waliposhinda dhahabu ya wawili mchanganyiko mjini Rio, siku ya tarehe 17, sikukuu ya uhuru wa Indonesia. Mwalimu wao wa kila siku alikuwa Richard Mainaky, ndugu yake Rexy.