Harufu Ikiisha, Thina Imekwenda Wapi?

Msikilizaji, sisi wa Kurasini, Dar es Salaam, tumezoea harufu ya mafuta. Gati la mafuta liko kwetu, matangi yako kwetu, na malori yanayopeleka petroli na dizeli Zambia, Kongo na Rwanda yanapita milangoni mwetu usiku na mchana. Mazoea hayo yametufanya tuyaone mafuta kama maji. Fundi akitoka uvunguni mwa gari ananawa mikono kwa petroli. Doa la rangi likiingia kwenye shati linasuguliwa kwa thina. Na kijana anayeandaa shisha, wateja wakishaondoka, anachukua chupa ya maji iliyojaa thina au spiriti, anamimina kwenye bomba, anatikisa, na ile lami nyeusi ya tumbaku inatoka yote mara moja. Bomba linang'aa. Uchafu anaumwaga nje, mtaroni.

Leo nataka kumzungumzia huyo kijana, na huo mtaro. Mvutaji tumeshamsema vya kutosha. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza tangu 2005 kwamba anayekaa na shisha kwa muda wa saa moja anaweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi. Asiyelijua hilo leo hataki kulijua.

Julai 2016 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza marufuku ya shisha katika mkoa huu. Waganda walikuwa wameshaikataza kwa sheria yao ya tumbaku ya 2015, na Wakenya wakafuata mwishoni mwa Desemba 2017. Sina ugomvi na marufuku hayo. Lakini anayetembea usiku, iwe Kinondoni au Temeke, anajua kwamba moshi haukuisha, ulihamia nyuma ya pazia. Na kitu kikishakuwa nyuma ya pazia hakina bwana afya wa kukikagua. Jikoni mwa mama lishe bwana afya anaingia, anauliza maji yanatoka wapi na mabaki yanatupwa wapi. Chumba cha nyuma kinachooshewa mabomba ya shisha, rasmi hakipo. Anayefanya kazi humo naye, rasmi, hayupo.

Sasa, ndani ya ile chupa kuna nini? Tusizichanganye, maana hazifanani. Spiriti safi, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, ndiyo yenye afadhali. Inaruka hewani upesi na haikai sana kwenye udongo. Spiriti ya rangi, ya dukani, mara nyingi imetiwa methanoli ili watu wasiinywe, na methanoli ikiingia mwilini inapofusha macho, na inaua. Thina ya rangi za magari mara nyingi ina tolueni, ndiyo ile ile inayowalevya watoto wa mitaani wanaonusa gundi. Kijana anayeosha mabomba kwenye chumba kisicho na dirisha anainusa bila kutaka. Kwanza kichwa kinamgonga, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, anasema ni uchovu wa kukesha. Akiendelea hivyo miaka na miaka, ubongo na mishipa ya fahamu ndivyo vinavyolipa. Petroli nayo ina benzeni, inayojulikana kusababisha saratani ya damu.

Tena mikono yake haina glavu. Thina inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na ngozi ikishakauka na kupasuka, vya nje vinapata njia ya kuingia. Na cha kuingia kipo: nikotini iliyomo kwenye lami ile. Wakulima wa tumbaku wa Tabora wanaoshika majani mabichi yenye umande wanaweza kutapika na kulegea bila kuvuta hata pafu moja, kwa sababu nikotini imepita kwenye ngozi.

Halafu kuna moto. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kinachowaka ni mvuke wa kimiminika, na mvuke huo unaanza kutosha kuwaka kwenye ubaridi ambao Dar es Salaam haiujui. Spiriti inafikia hali hiyo kwenye nyuzijoto 12 au 13. Asetoni, ile ya kutolea rangi za kucha, inafikia kwenye karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na petroli chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo hapa kwetu, hata usiku wa Julai, chupa ikiachwa wazi inatoa mvuke ulio tayari. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Unashuka sakafuni na kutambaa. Na kwenye shughuli ya shisha, hatua chache kutoka hapo, kuna nini? Kuna jiko la mkaa, maana shisha haiendi bila mkaa.

Petroli haihitaji kumwagwa motoni ndipo iwake. Morogoro inalijua hilo. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ulipolipuka watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Ni petroli ile ile tunayoiweka kwenye chupa ya nusu lita chini ya meza.

Turudi mtaroni. Sehemu kubwa ya jiji hili haina bomba la majitaka. Kinachomwagwa nje ama kinazama mchangani, ama mvua ya masika inakisukuma hadi kwenye mkondo ule unaopita chini ya Daraja la Nyerere, penye mikoko na kaa, na wavuvi wenye ngalawa. Kikizama mchangani ndipo ninapopata wasiwasi zaidi, kwa sababu nyumba nyingi zinategemea visima. Kiwango cha benzeni ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kuwa mwisho kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita. Fanya hesabu pamoja nami: gramu moja tu ya benzeni inatosha kuyafikisha kwenye kiwango hicho maji lita 100,000. Hayo ni matangi 100 ya lita elfu moja, yale meusi tunayoyaweka juu ya paa. Nyingi itaruka hewani kabla ya kufika kisimani, ni kweli. Ila mtaro ni uleule kila usiku, na kisima hakihami.

Ile chupa ya maji nimeitaja mara kadhaa, na nilikusudia. Thina haina rangi. Kwenye chupa ya maji ya kunywa inafanana na maji, na mtoto wa miaka miwili hasomi harufu. Akimeza petroli, thina au mafuta ya taa, usimtapishe, na usimpe maziwa. Najua bibi alitufundisha maziwa. Vimiminika hivi hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakovipeleka huko. Mvue nguo zilizolowa, muoshe, mpeleke hospitali mara moja, na ile chupa ibebe ili daktari aione.

Wapo watakaouliza: basi bomba lioshwe kwa kitu gani? Wazee wa kiko walikwangua kwa kijiti, wakafuta kwa kitambaa, na kiko kikakaa miaka. Bomba la shisha likioshwa usiku uleule, kabla lami haijakauka, linatoka kwa maji ya moto, chumvi ya mawe, ndimu au siki, na brashi ndefu ya chupa. Inachukua dakika nyingi zaidi, sikatai. Mpira wa kuvutia usiooshika utupwe, kwa sababu mpira uliolowa thina unaitunza, na mteja wa kesho ataivuta. Na tafadhali, jiki isichanganywe na siki wala ndimu wala spiriti. Jiki na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo katika Vita ya Kwanza ya Dunia ilitumika kuulia askari.

Sheria zipo. Ile ya 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inataka wafanyabiashara wasajiliwe na vyombo viwe na lebo. Nendeni mkaangalie wenyewe ni chupa ngapi za thina zenye lebo zinazouzwa kwa rejareja mtaani. Ningeomba manispaa ya Temeke ianzie hapo, dukani, kabla ya kuanza kukimbizana na vijana usiku.

Na wewe mwenye biashara, unayejua kwamba nakusema wewe: mwaka huo huo wa 2003 ilitungwa pia sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, na inakutaka umkinge unayemwajiri. Jozi ya glavu na brashi ni bei ndogo kuliko shisha moja unayouza. Nunua kesho asubuhi, kabla hajafika kazini.