Jimu ya Mtaa na Ushindani wa Jirani

(Hotuba kwa vikundi vya vijana vya Eastlands, Nairobi)

Mlituomba tuzungumze juu ya jambo moja. Jimu yenu mliianza kwa jasho, na sasa mtu mwenye mtaji amefungua nyingine ng'ambo ya barabara, yenye vioo ukuta mzima na mashine za kukimbilia, na bei yake ni kama yenu. Mfanyeje? Wengine wenu mmeshasema, tupunguze bei. Sisi twaomba msikilize kwanza.

Eastlands tunaijua. Ukitembea jioni kutoka Umoja hadi Kayole utasikia vyuma vikilia kila baada ya ploti chache. Nyingi za jimu hizi zilianza na bomba na madebe mawili yaliyojazwa saruji, au gia za lori kuukuu. Kabla ya hapo ilikuwa ndondi, katika kumbi za mitaa kama ule wa Kaloleni, na mwaka 1988 Robert Wangila akaleta nchini medali ya dhahabu ya ndondi kutoka Seoul. Kwa hiyo msione haya juu ya vyuma vya jua kali. Ila vipimeni! Chuma kilichoandikwa kilo 20 kwa rangi mara nyingi si kilo 20, na upande mmoja wa baa ukizidi mwingine, bega la mtu ndilo linaloumia. Mwuza vyuma chakavu ana mizani. Mpeni kitu kidogo, mpime vyote siku moja, muandike upya.

Sasa tuje kwa hesabu, maana hapa ndipo shida iko. Tuchukue mfano tu. Kodi ya nyumba shilingi 25,000 kwa mwezi, kochi 15,000, stima 3,000, maji na usafi 4,000, na 3,000 ya kurekebisha vitu. Hizo ni 50,000. Mkitoza 1,000 kwa mwezi, mnahitaji watu 50 wanaolipa kweli, si watu 50 walio kwenye daftari. Mkishusha hadi 700, mnahitaji 72. Swali letu ni hili: hao 22 zaidi watasimama wapi? Watu wengi huja kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, wakitoka kazini. Chumba kikijaa watu 15, wa kumi na sita anangoja benchi nusu saa, na wiki ijayo amevuka barabara. Mmepunguza bei ili mumpeleke mteja kwa jirani.

Na yule jirani mwenye mtaji anaweza kula hasara mwaka mzima akiwangoja ninyi mfunge. Ninyi hamwezi hata miezi mitatu. Basi msipigane naye mahali alipo na nguvu.

Kuna gharama nyingine ambayo vikundi vingi havijaiandika popote: kuchakaa. Mashine ya kamba ya shilingi 60,000, ikidumu miaka mitano, inakula shilingi 1,000 kila mwezi hata kama hakuna aliyeigusa. Pesa hiyo isipowekwa kando, siku kamba itakapokatika mtaanza kuchangishana, na wengine watakuwa mteja. Hapo ndipo vikundi huvunjika.

Tuseme sasa mahali mlipo na nguvu ninyi. Kwanza, malipo ya siku. Kijana wa mjengo au wa mkokoteni hapati mshahara wa mwezi, anapata ya leo. Mkimtoza 100 kwa siku naye aje mara 12, amelipa 1,200, tena bila kuona uzito. Jimu kubwa nyingi hupenda mwezi ulipwe mbele. Yule wa mjengo ni wenu, mkimpokea vizuri.

Pili, na hili tutakaa nalo kidogo, ni saa za asubuhi. Kati ya saa tatu na saa tano jimu zenu ziko tupu, lakini kodi inahesabika. Saa hizo akina mama wameshapeleka watoto shule. Wengi wao wameambiwa na daktari wafanye mazoezi kwa sababu ya presha au sukari. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Kwa nini mama huyu haingii kwenu? Tuliwauliza baadhi yao. Hawakutaja vioo wala mashine. Walisema hakuna chumba cha kubadilishia nguo chenye komeo, na walisema vijana wanakodoa macho. Basi komeo ni bei gani? Wekeni saa za akina mama tupu, na kochi mwanamke mkimpata. Atakuja na dada yake na jirani yake, na mwezi wa tatu watakuwepo bado, wakati wale waliojiandikisha Januari wamepotea.

Juu ya dawa tutasema wazi hata kama tutaudhi mtu. Jirani atakuwa na mabaunsa waliovimba, na mtashawishika kuuza vidonge na sindano ili vijana wenu wavimbe haraka. Dawa hizo za homoni huharibu ini na moyo, hupandisha presha, na zinaweza kumfanya kijana asizae. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Michezoni tangu mwaka 2016, na mchezaji anayepatikana nazo hufungiwa. Mteja akitaka kujenga mwili, mwelekezeni kwa mayai, omena, maharagwe na ndengu. Faida ya sindano moja haiwezi kulipia mazishi, samahani kusema hivyo.

Majirani pia ni sehemu ya biashara. Kama mko ghorofani, chuma kikianguka saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa chini ameamka. Kanuni za kelele ziko tangu mwaka 2009, na malalamiko yakifika kwa landlodi yeye hatetei kikundi, anatetea wapangaji. Tandikeni mpira mzito sakafuni. Mikanda mikuukuu ya viwandani inafaa sana. Muziki mnaopiga katika biashara nao wahitaji leseni kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Iwekeni pamoja na leseni ya kaunti, katika faili moja, ukutani, ili askari wa kanjo akija asipate mlango wa kuombea chai.

Mwisho ni pesa zenyewe. Bado tunaona vikundi ambapo wateja hulipa kwa simu ya mtu mmoja, eti kwa sababu ndiye anayefungua mlango. Mtu huyo akiugua au akiudhika, jimu imelala. Chukueni namba ya malipo kwa jina la kikundi, na kwa hilo mtahitaji kuwa mmesajiliwa. Tangu mwaka 2022 kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii, na ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi itawapa fomu.

Wale wa Kayole na wale wa Umoja, leteni madaftari yenu Jumamosi, hata kama yameandikwa kwa penseli. Tutaanza na mwezi wa Januari, tuhesabu ni wangapi waliolipa na walikuja saa ngapi.