Karatasi Zilizosalimika: Nasaba za Waayalandi na Daftari Zao



Tarehe 23 Mei 2011 Rais Barack Obama aliingia Moneygall, kijiji kidogo cha kaunti ya Offaly nchini Ayalandi, akapokewa kama mtoto wa nyumbani. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kumhesabia ukoo kwa upande wa baba, hadi Kogelo, na upande huo wazee wa Kijaluo wanawataja mababu kwa kichwa. Upande wa mama ulihitaji karatasi. Mmoja wa mababu zake, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, alivuka Atlantiki mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka 19. Mwaka 2007 kasisi wa Kianglikana, Stephen Neill, alifungua daftari kuukuu za parokia ya Templeharry akawakuta akina Kearney humo.

Daftari za aina hiyo nyingi zimekwisha kuwa majivu. Kanisa la Kianglikana lilikuwa kanisa la dola nchini Ayalandi hadi mwaka 1871, kwa hiyo vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na maziko vilihesabiwa kuwa mali ya umma, na parokia zikatakiwa kuvipeleka Dublin isipokuwa zile zilizoweza kuonyesha kwamba zina mahali salama pa kuvitunza. Waliotii walivipeleka kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Umma, ndani ya majengo ya mahakama ya Four Courts. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa katika siku ya tatu, jengo hilo lililipuka na kuteketea. Wosia za karne kadhaa ziliungua. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliungua karibu zote, vikabaki vipande. Parokia zilizobaki na vitabu vyao nyumbani, au zilizojinakilia kabla ya kuvituma, ndizo zenye la kumwambia mtafiti leo.

Kisa cha moto huo husimuliwa kana kwamba ndicho kilichomaliza kila kitu. Sikubaliani nacho, na hilo ndilo hasa lililonileta mbele yenu jioni hii. Fomu za sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali mara baada ya takwimu kuchukuliwa. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipokuwa adimu. Siku Four Courts inaungua, sensa hizo nne hazikuwepo tena. Na fikirini ni watu gani waliokuwa ndani yake! Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza zaidi ya milioni moja kwenda ng'ambo. Idadi ya watu ikashuka kutoka zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 hadi takriban milioni 6.5 mwaka 1851. Kizazi kilichosalia, kikaoa, kikazaa na kuendelea kuhama, kilihesabiwa nyumba kwa nyumba mara nne, na mara zote nne ofisi ikaona hakuna haja ya kuyatunza majina. Bomu halikuhusika. Ilitosha saini ya mkubwa.

Basi mtafiti wa leo anaanzia mwisho na kurudi nyuma. Sensa za 1901 na 1911 zipo kamili, na Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi imeziweka mtandaoni bila malipo. Chukueni fomu moja ya tarehe 2 Aprili 1911. Juu kabisa ni mkuu wa kaya, kisha mke, watoto, na pengine mama mkwe. Dini, umri, kazi, kama mtu anajua kusoma na kuandika, kama anasema Kiayalandi, Kiingereza au vyote viwili. Kwenye mstari wa mke, safu tatu ambazo mwaka 1901 hazikuwepo: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, na watoto walio hai bado. Mama anaweza kuandikiwa kumi, kisha saba. Wale watatu hawatajwi mahali pengine popote kwenye karatasi ile. Chini, mzee asiyejua kuandika ameweka alama ya X, na askari polisi aliyekusanya fomu ameshuhudia.

Linganisheni fomu hiyo na ya 1901, mtashangaa: wazee wengi wameongezeka miaka kumi na tano au zaidi ndani ya miaka kumi. Sababu ni pensheni. Malipo ya uzeeni yalianza Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na mtu aliyezaliwa kabla ya 1864 kwa kawaida hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ili kuthibitisha umri, waombaji waliulizwa kama wanaikumbuka dhoruba iliyoitwa Upepo Mkubwa, ya usiku wa tarehe 6 Januari 1839. Wengine waliomba makarani wa Dublin wawatafutie majina yao ya utotoni katika sensa za 1841 na 1851. Karani alinakili alichokiona: wazazi, ndugu, kitongoji. Sensa zenyewe ziliungua, lakini fomu za maombi hayo zimebaki, na leo yapo majina ya watoto wa mwaka wa njaa tunayoyajua kwa sababu tu bibi mmoja maskini alidai shilingi zake tano za wiki.

Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Aprili 1845 kwa ndoa zisizo za Kikatoliki, kisha tarehe 1 Januari 1864 kwa vizazi, vifo na ndoa za watu wote. Cheti cha kuzaliwa kinampa mtafiti jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, na hiyo ni hazina. Tarehe, hata hivyo, isiaminiwe haraka. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, kwa hiyo wazazi walisogeza siku ya kuzaliwa mbele ili wasidaiwe. Ndiyo maana tunakuta mtoto aliyebatizwa wiki kadhaa kabla ya "kuzaliwa." Hapo mfuateni padri.

Padri wa Kikatoliki ndiye mshahidi mkubwa wa Waayalandi wengi, na vitabu vyake vilisalimika kwa sababu kanisa lake halikuwa la dola. Hakuna aliyemwamuru avipeleke Dublin. Vilikaa nyumbani kwake, vikapigwa picha na Maktaba ya Taifa katikati ya karne ya 20, na tangu Julai 2015 vinasomwa mtandaoni bure hadi miaka ya 1880. Vingi ni vya Kilatini, kwa wino uliofifia: James ameandikwa Jacobus, William ni Gulielmus. Msiruke majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingi ni shangazi na wajomba, na huo ndio mlango wa kuingilia upande wa pili wa ukoo.

Lakini bila jina la kitongoji, yote haya hayasaidii. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na parokia moja inaweza kuwa na akina Patrick Murphy kadhaa wa rika moja. Aliyejua kitongoji atampata mtu wake hata mahali sensa haipo, kwenye vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837 au katika uthamini wa ardhi uliosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864, ambao uliandika kila mpangaji na kipande chake. Aliyejua "Ayalandi" tu atapapasa.

Mwaka 2022, miaka mia moja baada ya moto, mradi unaoongozwa na Trinity College Dublin ulifungua hazina ya kidijitali ya kuijenga upya hifadhi iliyoungua. Mwongozo wao ni orodha aliyoichapisha Herbert Wood mwaka 1919, inayoonyesha kilichokuwemo, na chakula chao ni nakala zilizokutwa katika hifadhi nyingine. Kisichowahi kunakiliwa hakirudi.

Ndugu zangu, nasi tunavyo vitabu vya ubatizo vya misheni, daftari za ndoa za makadhi, na madaftari ya vizazi na vifo ya wilaya, vingi vikiwa nakala moja tu katika kabati moja. Nawaomba mnaovitunza: vinakilini, na nakala ikae mji mwingine. Wanafunzi, muulizeni bibi jina la kitongoji alichozaliwa mama yake, mliandike mwaka huu huu. Na ofisi yoyote itakayotaka kuteketeza fomu zenye majina ya watu ili ipate nafasi, itangaze kwanza hadharani, tupate nafasi ya kukataa.