Kifo cha Chembe, Uhai wa Mtu



Tumezoea kuamini kwamba kifo ni adui wa uhai. Lakini ndani ya miili yetu uhai wenyewe hutegemea kifo. Kila siku chembe zisizohesabika hufa kwa utaratibu: chembe hunywea, hukatika vipande, na chembe jirani huvimeza vipande hivyo pasipo kuacha jeraha. Mwaka 1972 wanasayansi watatu, Kerr, Wyllie na Currie, walilieleza jambo hilo kutoka Aberdeen, Scotland, wakaliita apoptosisi, neno la Kiyunani lenye maana ya kupukutika kwa majani.

Saratani ni uasi dhidi ya utaratibu huo. Chembe iliyoharibika hukataa kufa zamu yake inapofika, ikaendelea kuzaana.

Tuchukue mfano wa tezi dume. Chembe zake huishi kwa kutegemea homoni ya kiume. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba mgonjwa akiondolewa korodani, au akipewa homoni ya kike, saratani iliyokwisha kuenea hurudi nyuma. Kazi hiyo ilimpatia Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Leo twajua kwamba chembe nyingi zikinyimwa homoni hiyo hufa kwa utaratibu ule ule wa kupukutika.

Nyingi, lakini si zote. Baadhi huongeza vipokezi vya homoni. Nyingine hujitengenezea homoni zenyewe. Hapo ndipo zilipohitajika dawa zenye shabaha. Abirateroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzuia utengenezaji wa homoni hata ndani ya uvimbe. Enzalutamidi, ya mwaka 2012, huziba kipokezi chake. Olaparibu, iliyoidhinishwa kwa saratani hii mwaka 2020, huwafaa wagonjwa wenye kasoro katika jeni kama BRCA2: chembe zao za saratani, ambazo tayari zimepoteza njia moja ya kujikarabati, hufungiwa na nyingine, zikafa. Dawa hizi hurefusha maisha. Ugonjwa ulioenea hazijaweza kuung'oa kabisa.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye neno zito. Kupunguza homoni humpunguzia mwanamume hamu na nguvu za tendo la ndoa. Wengi, kwa kuliogopa hilo, hunyamaza mpaka ugonjwa ukaingia mifupani. Hofu hiyo ni ya kibinadamu, wala siibezi. Lakini ugonjwa ukigunduliwa ungali ndani ya tezi, mara nyingi huponyeka kwa upasuaji au mionzi. Na wagonjwa wengine huhitaji kuangaliwa tu na daktari. Tena katika hatua hiyo ya mwanzo mara nyingi hauna dalili. Kwa hiyo mwanamume aliyefikia miaka 50, au aliyeona ugonjwa huu kwa baba au ndugu yake hata kabla ya umri huo, asingoje maumivu ndipo aende kuzungumza na daktari.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliopata elimu tuna wajibu wa kulitamka jina la tezi dume mbele za watu, bila kicheko na bila kuinamisha uso.