Waliotoka Dadaab wanafanya nini leo?

Msikilizaji, tukizungumzia wasomi wanaojenga kazi zao ughaibuni, Garissa ina habari yake. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizo katika kaunti hiyo, zilifunguliwa mwaka 1991. Kwa miaka mingi sasa, vijana wachache wa huko waliofanya vyema kidato cha nne wamepata udhamini wa shirika la WUSC, wakaenda kusoma katika vyuo vikuu vya Kanada. Ushindani ni mkali mno.

Tunawapongeza wakiondoka, na ni haki yao. Lakini nani anawauliza wanachofanya leo? Abdullahi Mire, aliyekulia Dadaab, alipata makao Norway kisha akaamua kurejea Kenya. Amepeleka vitabu 100,000 kambini, na mwaka 2023 akatunukiwa Tuzo ya Nansen ya UNHCR. Hata asiyerudi anaweza kuwafaa wa nyumbani: Ismail Ahmed, mzaliwa wa Somaliland, alianzisha kampuni ya WorldRemit jijini London mwaka 2010, na leo jamaa hutumiana pesa kwa simu kupitia kampuni hiyo.

Kinachokosekana kwetu ni kiungo. Chuo Kikuu cha Garissa kipo. Kilipata pigo la shambulio la kigaidi la Aprili 2015, kikafungua tena milango Januari 2016. Kimezungukwa na wafugaji wa ngamia wenye maswali mengi kuhusu maradhi na ukame. Mtafiti wa mifugo aliyeko Toronto anaweza kusaidia kusimamia tasnifu ya mwanafunzi wa Garissa kupitia mtandao, bila kupanda ndege. Chuo na kaunti waanze na orodha tu: nani yuko wapi, na anatafiti nini.