Sauti ya Fidla na Sauti ya Sarafu

Dominika ya 26 ya Mwaka C
Masomo: Amosi 6:1a, 4-7, 1 Timotheo 6:11-16, Luka 16:19-31



Siku moja, nikingoja zamu yangu kwa mganga, niliokota gazeti kuukuu lililokwisha kupoteza jalada. Ndani yake mlikuwa na kikatuni kisicho na neno hata moja, chenye picha nne. Katika picha ya kwanza mzee amesimama kando ya njia akipiga fidla. Kofia yake iko chini, tupu, nao watu wanapita wakitazama mbele. Katika ya pili, mpita njia anatupa sarafu. Inaikosa kofia na kuanguka juu ya mawe. Katika ya tatu, shingo zote zimegeuka. Katika ya nne, mzee ameilaza fidla chini, ameishika kofia kwa mikono miwili, anaitikisa ile sarafu ndani yake kama kayamba. Watu wamemzunguka na kupiga makofi.

Nilicheka. Kisha nikajiuliza: nimecheka nini hasa?

Niliomba gazeti lile, nikaenda nalo parokiani. Katekista alikitazama kikatuni akasema fumbo ni jepesi. Watu hawa si viziwi. Kelele za njia zilizoizuia fidla hazikuizuia sarafu. Akatukumbusha hekaya ya Abunuwasi, jinsi tajiri alivyomdai maskini fedha kwa kunusa harufu ya chakula chake, na Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa sarafu tu. Tukacheka tena. Lakini mama mmoja wa kwaya hakucheka. Alisema, “Hapana, Baba. Mtazame mzee. Fidla iko chini.”

Ndugu zangu, kuhusu wale wapita njia tunao ushahidi wa kweli. Tarehe 12 Januari 2007, huko Washington, Marekani, gazeti la The Washington Post lilimwomba Joshua Bell, mmoja wa wapiga fidla mashuhuri duniani, apige katika kituo cha treni za chini ya ardhi asubuhi, watu wakienda kazini. Alivaa kofia ya kawaida, akaliweka wazi sanduku la fidla mbele yake. Fidla yenyewe ilitengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1713. Siku tatu kabla yake, mjini Boston, watu walikuwa wamelipa kiasi cha dola 100 kwa kiti ili kumsikiliza. Kituoni alipiga kwa muda wa dakika 43 hivi. Walipita watu zaidi ya 1,000. Waliosimama kumsikiliza walikuwa 7 tu. Sandukuni zilipatikana dola 32 na senti kidogo. Waliotaka kusimama kila mara walikuwa watoto. Wazazi wao wakawavuta mkono.

Muziki ulikuwa uleule. Kilichokosekana ni tiketi. Pasipo bei, watu hawakujua kwamba mbele yao palikuwa na kitu cha thamani.

Sasa tuyatazame masomo yetu. Nabii Amosi, mchungaji kutoka Tekoa, anawaonya wakubwa wa Sayuni na Samaria waliolala juu ya vitanda vya pembe za ndovu, wakila wanakondoo na kuimba kwa vinubi. Amosi hakichukii kinubi. Daudi naye alikipiga. Kosa lao ni kwamba katikati ya nyimbo hizo hawakuugua kwa ajili ya maangamizi ya watu wao. Walikuwa na muziki masikioni, lakini kilio cha ndugu hakikuwafikia.

Katika Injili tajiri hakumpiga Lazaro, wala hakumfukuza mlangoni. Alipita tu, kama wale wa kituoni. Nanyi angalieni: katika mifano yote ya Bwana wetu, maskini huyu peke yake ndiye aliyepewa jina. Tajiri hana jina. Binadamu huyajua majina ya wenye mali. Mungu alilijua jina la yule wa mlangoni. Na mwisho wa Injili hii ni habari ya masikio: ndugu za tajiri wanao Musa na Manabii, wawasikilize hao. Wasipowasikiliza, hata mtu akifufuka katika wafu hawatashawishika. Wazee wetu walisema: sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini yule mama alisema tumtazame mpiga fidla. Nami nilijua kwa nini.

Juma moja, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa na misiba miwili. Jumanne tulimzika mtu mwenye mali. Kwaya ilifika yote, kwa sare, na kinanda kikabebwa hadi makaburini. Alhamisi tulimzika bibi kizee aliyekuwa akilifagia kanisa letu. Waimbaji walikuwa watatu, na mama huyu alikuwa mmoja wao. Nilikasirika. Nikaanza kupanga maneno makali ya kuwakemea wanakwaya Jumapili. Usiku ule, nikiandika jina la marehemu katika kitabu cha parokia, nilikumbuka kwamba Jumanne nilihubiri nusu saa nzima, na Alhamisi dakika tano. Wanakwaya walikuwa wameufuata wimbo niliouanzisha mwenyewe.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1181, yaagiza kwamba katika mazishi pasiwe na upendeleo, wala maskini wasinyimwe mazishi ya heshima. Nilikuwa nimeisoma seminarini. Jumapili ile sikumkemea mtu. Niliungama mbele ya kwaya kosa langu kwanza. Kisha tukakubaliana kwamba kila mwamini atazikwa kwa idadi ileile ya nyimbo, na padre atahubiri kwa kipimo kilekile.

Sisemi kwamba fedha ni haramu. Mpiga fidla naye hula, na mtenda kazi astahili ujira wake. Mzee wa kikatuni hakukosea kuweka kofia chini. Alikosea pale alipoilaza fidla ili apige sarafu. Mwalimu, mganga, hakimu, padre, mzazi: kila mmoja wetu amekabidhiwa fidla yake. Siku tutakapogundua kwamba watu hugeuka upesi zaidi kwa mlio wa sarafu, ndiyo siku ya majaribu yetu.

Basi juma hili nawaombeni jambo moja. Mlangoni pako, njiani pako, yuko mtu unayempita kila siku. Simama. Uliza jina lake. Na mtoto akikuvuta mkono ili msimame, usimvute mbele.

Mungu Mwenyezi atufungue masikio. Nawatakieni Dominika njema. Amina.