JICHO LA JAHAZI NA KAZI ILIYO CHINI YA MAJI

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wazee na waalimu)

Wengi wenu mwakaa bara, na labda mtauliza habari za majahazi zawafaa nini watu wasioiona bahari. Twajibu ya kuwa mtu akandikaye nyumba yake kila mwaka atatuelewa upesi kuliko mtu wa mjini.

Afikaye Lamu huona kwanza jicho la jahazi. Ni kibao cha mviringo kilichopigiliwa kila upande wa omo, na juu yake pamechorwa mwezi na nyota kwa rangi. Nyuma, penye tezi, huwapo mbao zilizotiwa nakshi. Mgeni husema, "Mabaharia hawa wapenda mapambo," kisha akaenda zake. Kwa maoni yetu hakuona hata nusu ya kazi. Pambo hukaa juu ya maji. Kazi ngumu iko chini, wala haionekani ila maji yakipwa.

Katika bahari yetu yuko adui wa mbao. Watu humwita funza, bali kwa hakika ni jamaa ya chaza, mwenye mwili mrefu mwororo na magamba mawili madogo kichwani, nayo ndiyo keekee yake. Huingia katika ubao angali mdogo sana, hata tundu lake halionekani ila kwa shida. Humo ndani hukua na kutoboa mpaka ubao huwa kama sega la nyuki. Chombo cha namna hiyo chaweza kupendeza kwa macho, na kikavunjika katika mawimbi ya kwanza pamoja na watu wake.

Basi mabaharia hungoja bamvua, wakakileta chombo pwani maji yakijaa, na yakipwa hukisimamisha kwa magadi. Hukwangua magamba na majani, kisha huwasha makuti makavu na kupitisha moto chini ya mbao. Moto huo sharti umwue mdudu pasipo kuunguza ubao, na hapo ndipo fundi wa kweli hujulikana. Penye nyufa hupiga kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa kwa patasi na nyundo. Mwisho hupaka deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake hatutaisifu. Kazi hii hurudiwa mara kadhaa kwa mwaka.

Asiyesadiki na aukumbuke mtepe. Chombo hicho kilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na omo yake ilichorwa macho. Katika kuta za kale za Kilwa na Gedi watu walikwaruza picha za vyombo juu ya lipu, na picha hizo zingalipo. Lakini mitepe yenyewe ilitoweka katika miaka ya 1930. Mafundi wa Unguja walipotaka kuunda mmoja tena mwaka 2003, ilikuwa imepita miaka kama sabini, ikawabidi kuongozwa na michoro na mifano midogo.

Leo majahazi mengi yana mashine, na vyombo vya faiba visivyotaka deheni vimeongezeka. Hatumlaumu mvuvi anunuaye chombo hicho, maana ana watoto wa kulisha. Lakini huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, mafundi wangali wakiunda kwa mbao, na mengi wayajuayo hayamo katika kitabu cho chote cha shule.

Tuna ombi kwa waalimu wa pwani. Siku ya bamvua wapelekeni watoto penye magadi, wakaandike majina kutoka vinywani mwa mafundi: mkuku, mataruma, fashini, na mengineyo. Wasichore jicho peke yake. Wachore na ufa, wakaandike kando yake ulizibwa kwa kitu gani, na kwa mkono wa nani.